Unataka roki ya laivu Kigoma? Ulizia dramu, achana na bango

Mwakeye wakuu. Kila mpenda magitaa anayehamia huku anauliza swali moja, roki inapigwa wapi Kigoma? Jibu ni kwamba ukisubiri uone bango la roki limebandikwa barabara ya Lumumba utaota mvi, ukumbi wa roki hamna na bendi inayojitangaza kwamba yenyewe ni ya roki huioni mtaani. Ila wapiga roki wapo. Jumamosi usiku wako baa wanapiga rumba kwa sababu rumba ndo inalipa, Jumapili asubuhi wako kanisani, afu katikati ya wiki ukiwakuta mazoezini wenyewe kwa wenyewe ndo unasikia mtu kakanyaga pedali ya disto, ile inayokwaruza sauti ya gitaa, na dramu inapigwa kwa hasira. Kwa hiyo kufuatilia roki huku maana yake ni kufuatilia watu na vyombo vyao, jina la bendi lisikusumbue sana maana majina yenyewe yanabadilika kila wakigombana hela.

Kwanza tuelewane kuhusu neno laivu kwenye mabango ya huku. Asilimia kubwa ya bango lililoandikwa LIVE ukienda unakuta jamaa mmoja kashika maiki, fundi kachomeka flashi, biti inatoka kwenye spika na sauti ya msanii mwenyewe aliyorekodi studio iko humo humo, yeye anaongezea "mikono juu Kigoma". Mi sina shida na hilo, mkoa huu una heshima yake kwenye bongo fleva, mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma walijikusanya wakaitwa Kigoma All Stars na nchi nzima ikawasikia. Ila kama unatafuta gitaa, kabla hujatoa hela mpigie aliyebandika bango umuulize swali moja tu, "kuna dramu?" Usiulize kama ni bendi maana atakwambia ndiyo. Usiulize kama ni laivu maana tayari kaandika. Akisema dramu ipo, muulize inatoka wapi na nani anapiga. Mwenye shoo ya kweli atakutajia mpigaji palepale kwa jina la utani, asiye na kitu ataanza kukwambia njoo tu boss utafurahi.

Kwa nini dramu? Kwa sababu gitaa mtu anabeba mgongoni kwenye bodaboda, kinanda nacho kinaingia kwenye bajaji, ila seti nzima ya dramu na matoazi yake inataka gari, inataka nafasi, inataka mtu wa kuifunga karibu saa zima. Hamna anayejisumbua hivyo kwa ajili ya shoo ya flashi. Afu seti nzima nzima mjini ni chache, nyingi ni za makanisa na za wale wanaokodisha muziki kwenye maharusi, kwa hiyo ukimjua anayekodisha vyombo umeshajua robo tatu ya kinachoendelea Mwanga, Gungu mpaka Ujiji. Huyo ndo mtu wa kwanza kufanya naye urafiki. Mara nyingi ni mtu mzima kidogo, salamu yake ni shikamoo na sio "niaje", muite mzee au fundi, mnunulie soda, muulize wikiendi hii vyombo vinakwenda wapi. Atakwambia na zaidi, atakwambia nani hajamlipa.

Mtu wa pili ni mpiga solo, yule wa gitaa linaloongoza. Mji mdogo huu, wapiga solo wazuri wanahesabika na kila mmoja yuko kwenye bendi mbili tatu kwa wakati mmoja. Ukimpenda mmoja, omba namba yake baada ya shoo (baada, sio katikati ya wimbo jamani), seivu, afu kazi yako ni kuangalia status zake za WhatsApp kuanzia Alhamisi jioni. Huko ndo matangazo yanakokaa. Bendi nyingi za huku kurasa zao za Instagram zina picha za muda mrefu nyuma na hamna kitu kipya, ila status ya mpiga besi saa kumi jioni inakwambia yuko wapi, wanafunga vyombo wapi, na hata kama umeme umekatika. Mpigaji naye lazima akuseivu ndo utaona status zake, kwa hiyo mtumie ujumbe ujitambulishe, "kaka mi nilikuwepo jana, ile solo ya wimbo wa tatu uliua", atakuseivu tu, nani hapendi kusifiwa.

Sasa kanisani. Najua kuna watu wataguna hapa, ila bila makanisa huku hamna shule ya gitaa la umeme, hamna shule ya dramu, ndo ukweli. Vijana wengi wanaoweza kupiga roki wamejifunzia kwenye sifa na kuabudu, na kama hujawahi kusikia wimbo wa kuabudu wa kisasa umefika kileleni, dramu inaporomoka na gitaa lina disto na ekoo, basi unapitwa na kitu ambacho nje ya kanisa wangekiita roki bila kupepesa macho. Mikesha ya Ijumaa na mikutano ya nje ndo yenye sauti kubwa. Nenda kwa heshima, vaa vizuri, usiende umelewa, usikae nyuma na simu unarekodi gitaa tu huku wenzako wanaomba. Ibada ikiisha ndo umfuate mpigaji. Na kama wewe ni Muislamu au sio mtu wa ibada kabisa, omba kwenda kwenye mazoezi yao ya katikati ya wiki, wengi hawana tatizo.

Mazoezi ndo utamu wenyewe, nasema hivi nikimaanisha. Kwenye shoo bendi inapiga anachotaka mwenye baa, na mwenye baa anataka sebene, ile sehemu ya rumba ya kuchezeka, ili watu waagize vinywaji. Kwenye mazoezi wanapiga wanachotaka wao. Kuna vijana wa Mwanga nawajua ambao ukiwasikia Jumamosi ni rumba safi kama wametoka Kalemie kule Kongo na boti ya asubuhi, ila njoo Jumatano jioni uone wanavyoichukua ile ile rumba wanaikaba shingo, mpiga besi anabaki kwenye noti mbili tu, solo anakanyaga pedali, mwimbaji anapiga kelele Kiha na Kiswahili humo humo. Ukiniuliza roki ya Kigoma ni nini nitakwambia ni hicho, sio kava za bendi za Marekani. Ziwa Tanganyika lina nchi nne hili, redio za Burundi na Kongo tumekua tunazisikia, kwa hiyo gitaa letu limeshalelewa na sebene na huwezi kuliambia leo lijifanye limezaliwa Seattle huko Marekani.

Kuhusu ratiba ya mwaka, hapa wageni wanapotea sana. Mwisho wa mwezi mishahara ikitoka kila baa ina bendi, tarehe 15 kuelekea 25 pamekauka. Hiyo ni mji wowote. Ila Kigoma kuna kalenda nyingine ya ziwa. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali taa haiwavuti vizuri, kwa hiyo siku za mwezi mpevu mitumbwi mingi inapumzika na wavuvi wako nchi kavu na hela mfukoni. Baa za kuelekea Kibirizi na Katonga siku hizo zinachangamka hata kama ni Jumanne, na bendi zinajua, zinafuata. Kwa hiyo angalia mwezi angani kabla hujaangalia simu. Na ziwa likifungwa kwa uvuvi, kama mwaka 2024 lilivyofungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, jua kwamba hela ya mwalo (pale mitumbwi inaposhusha samaki) haipo na shoo za upande huo zinapungua, geukia makanisani na maharusini. Ramadhani nayo, Ujiji na hata mjini mambo yanatulia mwezi mzima, wapigaji wengi wanautumia huo mwezi kutunga na kufanya mazoezi mchana, afu Iddi pili na Iddi tatu inakuwa balaa.

Siku ya shoo yenyewe. Ukiambiwa saa mbili usiku ujue vyombo vinafika saa mbili, wimbo wa kwanza ni saa nne. Lakini mi nashauri uende mapema hivyo hivyo maana kucheki saundi ni shoo ya bure, unamsikia mpiga dramu peke yake, unasikia pedali zote zinajaribiwa, na ukisaidia kubeba spika moja kutoka kwenye gari umeshakuwa mwenyeji, kiingilio hakuna atakayekudai. Usikizoee hicho kitu lakini. Kama kuna kiingilio, lipa, na kama hamna kiingilio ujue bendi inalipwa kutokana na vinywaji vinavyouzwa au wamepatana hela ya usiku mmoja na mwenye baa, kwa hiyo kukaa na maji ya chupa moja toka saa nne mpaka saa nane sio uungwana. Agiza hata samaki, mgebuka.

Pa kusimama pana ujanja wake. Mtafute fundi mitambo, yule aliyekaa na mixa, simama karibu yake au mbele yake kidogo, kwa sababu anapanga sauti kwa masikio yake pale alipo, hapo ndo utasikia kila kitu kimekaa sawa. Kwenye baa ndogo dramu haiwekewi maiki kabisa na gitaa linatoka moja kwa moja kwenye ampli yake, ukisimama usawa wa ampli utasikia gitaa tu likikuchoma na mwimbaji humsikii. Ikianza kupiga mluzi ile inayofanya watu wazibe masikio, ni maiki imeelekezwa kwenye spika, sauti inaingia inatoka inaingia tena, mwimbaji akisogea nyuma ya spika inakata. Usimzomee fundi, mara nyingi hana nafasi ya kuziweka spika mbele.

Na masikio, wakuu, masikio. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani, NIOSH, wanaweka kiwango cha desibeli 85 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa masaa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, kwa hiyo desibeli 100 unabaki na dakika 15 tu. Bendi yenye dramu ndani ya ukumbi wa bati na ukuta wa tofali inafika huko bila shida. Kama unatoka shoo masikio yanalia nziiii mpaka asubuhi hiyo sio raha, hayo ni madhara unayakusanya taratibu na hayarudi nyuma. Ulizia vile vizibo vya sponji duka la dawa au kwa wauza vifaa vya ujenzi, bei yake ni ndogo, unaviminya unaingiza vinavimba humo, muziki bado unausikia vizuri tu. Pamba haisaidii cha maana.

Kutunza, yaani kumpa mpigaji hela pale jukwaani. Hapa watu wa roki tunajifanya wazungu tunasimama tumekunja mikono tunatikisa kichwa. Bendi ya huku inaishi kwa kutunzwa, na kwa mabanga, yale majina ya watu yanayotajwa katikati ya wimbo kwa aliyetoa kitu. Sasa tumia mfumo huo huo kupata roki. Ukitaka wapige ile ya mazoezini, usipige kelele toka nyuma, subiri wimbo uishe, nenda mbele, mtunze mpiga solo (sio mwimbaji, yeye ameshazoea), mwambie sikioni, "kaka ile ya Jumatano, naomba moja tu". Akikataa ni kwamba mwenye baa yuko pale kakaa anaangalia, usimlaumu. Kuanzia saa saba usiku wateja wa sebene wakishaanza kuondoka ndo unapewa, na unapewa kweli, kwa hiyo anayewahi kulala hapati kitu.

Zawadi ya maana kuliko hela ni nyuzi. Seti ya nyuzi za gitaa huku unaweza kuzunguka mji mzima usiipate, na ukipata ni ya aina moja tu. Ukienda Dar pita Kariakoo ununue seti za 9 na za 10 (huo ni unene wa nyuzi), vijiti vya dramu vya saizi ya 5A, na betri za volti 9 za pedali. Muulize kwanza mpigaji anatumia saizi gani. Mpiga gitaa aliyepewa seti mpya ya nyuzi hatakusahau, na mara inayofuata vyombo vikifungwa mahali utapigiwa simu wewe wa kwanza.

Kurekodi kwa simu kunaruhusiwa sehemu nyingi ila omba. Ukikaa karibu na spika ya besi utapata kelele inayokwaruza, sio muziki, rudi nyuma mpaka kwa fundi, simu ilaze kwa upana, zuia simu zisiingie kwa kuiweka kwenye hali ya ndege. Dakika moja ya video ya 1080p inaweza kula zaidi ya MB 100 kwahiyo usirekodi shoo nzima, chukua wimbo mmoja mpaka mwisho, huo ndo utawasaidia. Kabla hujauweka mtandaoni watumie wao kwanza, wachague wenyewe, uandike jina la bendi na la kila mpigaji. Wimbo ukiwa wao wenyewe na haujatoka bado, usiuweke kabisa, wengine wanajipanga kwenda kuusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwanza na wewe utakuwa umewaharibia.

Tukiachana na shoo, kuna kulisha sikio. Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, kila mtu anajua, tuendelee. Wa kuwajua ni Sunburst, bendi ya Dar ya miaka ya 1970 iliyochanganya roki na soul na ngoma za huku, nyimbo zao zilikusanywa upya mwaka 2016 na kampuni ya Strut na zinapatikana mtandaoni. Afu vuka ziwa hili hili uende kusini mpaka Mpulungu, hiyo ni Zambia, na Zambia miaka ya 1970 ilikuwa na roki yake kamili, Zamrock, bendi kama WITCH, Amanaz, Ngozi Family ya Paul Ngozi. Vijana wa migodi ya shaba, gitaa la fazi (sauti ya kukwaruza), Kiingereza na lugha za kwao. Rais Kaunda alitaka redio ipige muziki wa nyumbani kwa asilimia 95 na hiyo iliwapa nafasi bendi za ndani. Baadaye shaba ikaanguka bei, uchumi ukayumba, na ukimwi ukaondoka na wengi wao, lakini mwimbaji wa WITCH, Emmanuel Chanda anayeitwa Jagari, yupo na ameirudisha bendi jukwaani, mwaka 2023 wametoa albamu mpya. Mi huwa nawapa wapigaji wa huku hizo nyimbo kwenye flashi, na nimeona zinawaingia haraka kuliko za Uingereza, maana mapigo yale wanayajua. Kwa za miaka ya karibuni sikiliza Nairobi, Crystal Axis wa panki (roki ya kasi), Parking Lot Grass, Last Year's Tragedy wa metali (roki nzito), na Duma, wale wawili waliotoa albamu 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, hao lakini sikiliza ukiwa umekaa chini. Pakua ukiwa na bando la usiku.

Kusafiri kufuata shoo inawezekana ila panga. Tabora ndo karibu, kilomita 400 hivi kwa reli, na ule mji una historia ya bendi kutushinda, Kiko Kids ya Salim Zahoro, Nyanyembe Jazz, Tabora Jazz ya kina Shem Karenga, zote zilitoka pale. Treni ya Dar inapita Tabora lakini usiamini saa iliyoandikwa kwenye tiketi, shoo ikiwa Jumamosi jioni uwe umefika Ijumaa. Kwa mwaka mara moja weka akiba uende Sauti za Busara, Zanzibar, Februari, Ngome Kongwe, imekuwepo tangu 2004 na msimamo wao ni kwamba kila anayepanda jukwaani anapiga laivu, flashi hairuhusiwi. Sio tamasha la roki ila magitaa yapo na utaona jukwaa lililofungwa sawasawa. Usiende peke yako, nendeni na mpiga solo wenu, changieni nauli yake.

Na hilo la kuchangia ndo njia ya mwisho ya kupata roki kama umechoka kusubiri saa saba usiku. Mkiwa watu kumi wenye nia, nendeni kwa mwenye baa mumuombe Jumatano au Alhamisi ambayo kwake ni usiku mfu, mwambieni mtaleta watu na mtakunywa, yeye atoe sehemu na umeme. Kodisheni dramu kwa yule mzee. Bendi ilipwe hela iliyopatanwa, hata ikiwa ndogo, na nusu wapewe kabla. Kibali kaulizieni kwa afisa utamaduni wa manispaa mapema, na saa ya kuzima muziki iliyoandikwa humo iheshimuni maana majirani wakilalamika mara moja hamtapewa tena. Wapeni wapigaji wiki tatu za mazoezi na msiwapangie nyimbo zote, nyie chagueni mbili tu, zilizobaki wachague wao. Jambo moja msiliache hewani, mafuta ya jenereta ni juu ya nani umeme ukikatika, liandikeni kabisa kwenye ujumbe wa simu mwenye baa ajibu sawa, kwa sababu saa nne na nusu usiku dramu imeshafungwa na giza limeingia hamna atakayekumbuka alisema nini.